Somo: kumwagia maji miche ya tungule (nyanya) na pilipili kwenye makopo na ndoo

Assalamu alaykum wadau. Hili somo nshaahidi zamani nikawa naliahirisha, ila wiki hii nimetumiwa picha na watu watatu na zote ni zile zile, mche umelala, majani ya chini manjano, udongo mweusi unang'aa maji. Nikimuuliza mtu unamwagia mara ngapi, jawabu moja tu, "asubuhi na jioni wallahi siachi hata siku moja". Basi hapo ndo penye tatizo yakhe.

Na mie siwacheki maana nilianza hivyo hivyo. Mwaka wa kwanza nilikuwa na miche 20 ya pilipili mbuzi barazani, nikabaki na 6. Nilidhani mdudu, nikadhani mbegu mbovu, mpaka siku nikaung'oa mmoja nikauangalia mizizi. Imekuwa rangi ya chai, ukiuvuta mzizi kwa vidole ganda la nje linavuka lote unabaki na uzi mwembamba kama wa kushonea, na ule udongo unanuka mtaro. Mzizi unataka maji lakini unataka na hewa, ukijaza maji kila tundu la udongo hewa haina pa kukaa, mzizi unaoza, na mzizi ukioza hauwezi kunywa, kwa hiyo mche unanyauka huku umesimama ndani ya maji. Mtu anaona umenyauka anaongeza maji.

Haya tuanze.

Hatua ya kwanza ni chombo, kabla hujagusa maji. Ndoo ya rangi ya lita 20 itoboe matundu 8 mpaka 10 kitakoni kwa msumari uliotiwa moto, ukubwa wa kidole kidogo, na iinue juu ya mawe au vipande vya tofali maji yapate pa kutokea, maana ndoo ikikaa flati kwenye saruji yale matundu yanaziba ni kama hujatoboa. Kuna watu wanatia kokoto chini eti maji yashuke. Wacheni. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto, yanasimama juu yake, kwa hiyo umeipandisha ile sehemu ya tope ikaja karibu na mizizi. Jaza udongo mpaka chini.

Udongo sasa. Chukua kinongo kikavu, ule udongo mwekundu, ukichanganye na samadi iliyokwisha kuoza na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Kinamo, udongo wa mfinyanzi, peke yake kwenye kopo ni kaburi, kinashika maji wiki nzima. Kichanga peke yake nacho maji yanapita kama kwenye chujio. Halafu hili la makumbi naomba mnisikilize: kama umechukua usumba, zile nyuzi za makumbi yaliyofukiwa pwani za kusokotea kamba, una chumvi ya bahari ndani yake, uloweke kwenye maji matamu yasiyo na chumvi uyamwage, urudie mara tatu nne, ndo utie kwenye kopo. Nimeona mtu kaunguza ncha za majani miche yote kwa usumba tu.

Hatua ya pili, chombo kiendane na umri. Mche wenye majani mawili matatu unakaa kwenye kikombe cha nusu lita, sio ndoo. Watu wanapenda kupanda moja kwa moja kwenye ndoo kubwa ili wasihamishe, lakini mzizi una urefu wa kidole na udongo ni lita 20, yale maji mengine nani anayanywa? Yanakaa tu. Ukiona mizizi imeanza kuchungulia chini ya kikombe ndo unahamisha.

Hatua ya tatu ndo somo lenyewe. Chukua vikombe viwili sawa, udongo ule ule. Kimoja kimwagie mpaka maji yatoke chini, kingine kiache kikavu. Kimoja mkono wa kulia kingine wa kushoto. Nyanyua. Fanya hivyo mara tano sita mpaka mkono uzoee, kile kikavu utakiona kama kina pamba. Basi kuanzia siku hiyo kalenda yako ni mkono. Kila asubuhi unanyanyua, kikiwa bado kizito unakiacha hata kama juu udongo umebadilika rangi, kikiwa chepesi unamwagia. Ndoo huwezi kunyanyua kila siku lakini iinamishe kidogo upande mmoja utaijua, au chopeka kidole mpaka kiungo cha pili, kikitoka na udongo uliogandana subiri, kikitoka kikavu kina vumbi mwagia.

Na unapomwagia, mwagia kweli. Sio kurashia. Maji kidogo kidogo yanalowesha juu tu, mizizi inabaki juu juu, jua la Kaskazi likija inapikwa. Zungushia polepole kuanzia pembeni ya kopo kuingia ndani, usimimine pale shinani, subiri yazame, rudia, mpaka yaanze kutoka chini. Kikombe cha nusu lita kinachukua kama nusu bilauri, ndoo ya mche mkubwa lita 2 mpaka 3. Mie natumia kopo la maziwa nimelitoboa vitundu kwa msumari mwembamba, kata ya kifuu nayo sawa ila mimina kwa adabu. Kama ndoo ina kisahani chini, yale maji yaliyotoka yamwage, usiache mche umekaa ndani yake.

Udongo ukikauka sana hata ukapasuka ukaachana na kopo, maji utaona yanatoka chini mara moja ukadhani umeshiba, kumbe yamepita pembeni tu. Hapo kiweke kikombe kizima kwenye besheni la maji nusu saa kinywe kutoka chini.

Wakati: saa 12 mpaka saa 2 asubuhi. Jioni si haramu lakini majani yakilala na unyevu maradhi yanakuja, hasa kinyausi kwa miche michanga, unakuta mche umekatika shingoni umeanguka. Na maji ya mpira wa bomba uliolala juani saa 8 mchana ni ya chai hayo, yaache yatoke kwanza, yapime kwa mkono mpaka yapoe. Tena saa 8 hiyo hiyo ukiona majani yamelegea usikimbilie kopo, nyanyua, kama kizito ni joto tu, jioni yatasimama yenyewe.

MASUALI YA WADAU

Mdau wa Wete: Mwalimu huku kwetu Pemba mvua za mchoo, hizi za baada ya masika, zinanyesha takriban kila siku, si ndo zishamwagia hizo?
Jawabu: Inategemea ndugu yangu. Mdomo wa ndoo ni mdogo, mvua ya milimita 10 inaingiza kama lita 0.7 tu, na mche ukiwa na majani mengi ni mwamvuli, maji yanamwagikia nje. Nimewahi kukuta ua zima tope na ndoo kavu katikati. Nyanyua. Ila kwa vikombe vya miche michanga, mvua ikiwa kubwa ya siku tatu mfululizo vitie chini ya upenu.

Mdau wa Jambiani: Maji ya kisima chetu yana munyu, udongo unafanya ukoko mweupe juu, ncha za majani zinakauka. Nihame?
Jawabu: Usihame dada. Kisima cha shangazi yangu upande huo huo, bamvua likija chai haikubali sukari. Ule ukoko ni chumvi, ukwangue juu utupe. Maji ya mvua yakinge kila unapoweza, hata nusu kwa nusu na ya kisima inasaidia sana. Unapomwagia mwagia mengi yatoke chini yaondoke na chumvi, na kwako wewe usingoje udongo ukauke kabisa, maana maji yanaondoka chumvi inabaki inazidi ukali. Usiloweshe majani. Na panda tungule kwanza, pilipili haistahamili chumvi kama tungule.

Mdau: Maji ya kuoshea mchele natia, na ya samaki jee?
Jawabu: Ya mchele sawa, mara moja moja, mabichi, usiyaweke siku mbili yakachacha. Ya samaki mie nilijaribu, asubuhi paka wa mtaa mzima walikuwa wameshafukua ndoo nne. Na kama samaki umeshamtia chumvi ndo kabisa.

Mdau wa Mwanakwerekwe: tungule zangu zinaoza kitako, doa jeusi limebonyea, nimepiga dawa haisaidii
Jawabu: Sio ugonjwa wa kupiga dawa huo bi mkubwa. Tunda limekosa madini ya chokaa (kalsiamu), na mara nyingi chokaa imo kwenye udongo ila inapanda na maji, leo umemwagia ndoo keshokutwa umesahau, haifiki kwenye tunda. Yale yaliyooza yachume yasile nguvu, halafu maji yaende sawa bila ya kurukaruka, na tandaza majani makavu au makumbi juu ya udongo. Yatakayokuja nyuma yatakuwa mazima inshallah.

Mdau: Ndoo yangu nyeusi iko juu ya dari, inakauka kila siku hata nimwagie vipi
Jawabu: Ishike kwa mkono saa 7 mchana kama utaweza. Ipake chokaa nje iwe nyeupe au izungushie kuti. Na kama mche umekuwa mkubwa mizizi imejaa, hapo kila siku ni sawa, nshasema mkono ndo kalenda.

Mdau: Nasafiri siku 5 nakwenda harusini Pemba, namwachia mtoto wa jirani, nimwambie amwagie mara ngapi?
Jawabu: Kabla hujaondoka zihamishie kivulini zote, zikusanye pamoja, zimwagie mpaka zitoke chini. Na mtoto usimwambie mwagia, mwambie nyanyua. Mie nilimwambia mwagia, na kijana mwenyewe mtiifu mashallah, nikarudi nikakuta vyura.