Siku tatu Venezia: namna ya kwenda, pa kulala, na hela iende wapi

Kamwene. Mimi nauza mbao Mafinga, zaidi misindano (paini), na milingoti (mikaratusi) kidogo ya nguzo. Mwaka tulipovuna shamba letu la kwanza, mimi na mume wangu tulikubaliana kwamba sehemu ya hela haitaingia kwenye nyumba wala kwenye shamba jingine. Tutasafiri nayo. Tumekwenda Venezia, Italia, mara mbili. Mara ya kwanza tulikosea, ya pili tukapatia.

Kosa lilikuwa pa kulala. Wakala mmoja alituuzia "hoteli ya Venezia, nyota nne" kwa bei ya kuvutia. Kufika, tukakuta ni Mestre, mji wa bara, ng'ambo ya daraja la kilomita karibu 4. Hoteli ilikuwa safi, sina ugomvi nayo. Lakini kila jioni, saa ambayo Venezia inaanza kupendeza, sisi tulikuwa tunawahi basi la kurudi. Mji ule hujaa wageni wa kutwa. Wanaingia asubuhi, wanaondoka jioni. Ikishapita saa mbili usiku unasikia viatu vyako mwenyewe vikigonga mawe, na maji yakipiga kuta. Hakuna gari, hakuna bodaboda, hata baiskeli haipiti. Ukimya huo ndio unaoufuata kutoka huku kote, na anayelala bara haupati.

Kwa hiyo kama una hela ya kitu kimoja tu, iweke kwenye kitanda. Acha manunuzi, acha hata gondola, ule mtumbwi wao wa kasia, ila lala ndani ya mji. Kabla ya kulipa soma anwani. Lazima iwe na jina la moja ya sehemu sita za mji: San Marco, Castello, Cannaregio, Dorsoduro, San Polo au Santa Croce. Ukiona Mestre au Marghera, hapo ni bara. Sisi mara ya pili tulichukua Dorsoduro, chumba chenye dirisha juu ya mfereji. Ni kutulivu, na San Marco unafika kwa miguu. Omba dirisha la majini kwa maandishi, maana chumba cha nyuma hutazama ukuta wa jirani. Kulala mara tatu kunatosha.

Sasa karatasi. Unahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na kwa Italia ombi linashughulikiwa na ubalozi wao Dar es Salaam. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Usisubiri huko mwisho, anza miezi mitatu kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Utatoa alama za vidole mwenyewe, kwa hiyo pigia hesabu safari ya Dar. Sisi wafanyabiashara wa huku tuna shida moja: hela nyingi hupita mkononi, benki haionekani. Miezi kadhaa kabla, pitisha mauzo yako benki, ili taarifa ya akaunti ioane na leseni ya biashara na hesabu za kodi unazoambatanisha. Hela ikidondoka yote siku moja, wiki moja kabla ya maombi, inaleta maswali. Weka pia kinachoonyesha utarudi. Sisi tuliweka nyaraka za shamba.

Ndege ni jambo rahisi. Walio Mbeya wanaanzia Songwe hadi Dar. Sisi wa Mafinga tulishuka na gari siku moja kabla. Kutoka Dar unaunganisha Istanbul, Doha au Dubai, na kote huko zipo ndege za hadi Venezia yenyewe, uwanja wa Marco Polo.

Ukitoka uwanjani ndipo pa kutumia hela mara ya pili. Lipo basi, ipo boti ya abiria wengi, na ipo teksi ya maji. Teksi ya maji inazidi euro 100, na bei unaiuliza kabla hujaweka mguu ndani. Ni ghali, nakubali. Lakini baada ya safari ya usiku kucha unashuka kwenye ngazi ya hoteli, mzigo hujaunyanyua. Mji una madaraja zaidi ya 400, na mengi ni ya ngazi. Mara ya kwanza tulivuta masanduku mawili makubwa juu ya madaraja, mume wangu akaumia mgongo siku ya kwanza. Chukua begi dogo la kubebeka begani.

Njia ile ya boti imepangwa kwa nguzo zilizofungwa tatutatu, zinaonyesha pa kupita penye kina. Wanaziita bricole, nyingi ni za mwaloni. Ziangalie vizuri pale maji yanapopanda na kushuka: zimeliwa, zimekuwa nyembamba kama kiuno cha nyigu. Mtu wa nguzo analijua hilo. Hata nguzo ya umeme huku kwetu, isipoingia dawa sawasawa, huozea pale inapotokea ardhini, kwenye hewa na unyevu pamoja. Chini kabisa inabaki nzima. Basi mji mzima wa Venezia umesimama kwa siri hiyo. Walipigilia magogo kwenye tope mpaka udongo mgumu, juu wakaweka mawe, juu ya mawe nyumba. Tope halina hewa, kuvu wa kuozesha hawafanyi kazi kama juu. Kanisa la Santa Maria della Salute, lililoanzwa 1631 kwa nadhiri baada ya tauni, husemwa limekalia magogo zaidi ya milioni 1. Nilikaa kwenye ngazi zake karibu saa nzima nikiwaza nani alikata, nani alisomba.

Msimu. Kiangazi cha kule, Juni hadi Agosti, ni joto na msongamano. Siku za sherehe yao ya vinyago, kabla ya Kwaresima, bei hupanda. Mimi nachagua Novemba. Baridi yake inazidi ya Julai Mafinga, na ukungu wake utadhani uko Mufindi kwenye chai, kwa hiyo koti unalo tayari. Ila Novemba ina maji kujaa. Tarehe 12 Novemba 2019 yalifika sentimita 187 juu ya kipimo chao cha usawa wa bahari. Tangu Oktoba 2020 wana malango ya chuma baharini, MOSE, yanayonyanyuliwa maji makubwa yakitabiriwa. Maji madogo bado huingia uwanja wa San Marco, maana ndipo pa chini. Wakati huo wanatandika mbao za kupitia. Beba viatu visivyoogopa maji. Ukienda miezi ya masika yao na kiangazi, zipo siku wageni wa kutwa hutozwa ada ya kuingia. Anayelala hotelini ndani ya mji hailipi, ila anajiandikisha mtandaoni kupata msamaha, na hotelini analipa kodi ya mgeni kwa kila usiku.

Kwa kuzunguka, nunua tiketi ya vaporetto, boti ya abiria ya mjini, ya saa 72, tuliyolipia euro 45. Moja moja ni euro 9.50 kwa dakika 75, na zinakwisha haraka. Namba 1 inapita Mfereji Mkuu wote. Panda usiku, kaa mbele nje.

Gondola ina bei rasmi: euro 90 kwa nusu saa mchana, na euro 110 kwa dakika 35 kuanzia saa moja jioni. Ni bei ya chombo, watu hadi watano, si ya kichwa. Mwambie apite mifereji midogo. Lakini kabla ya kupanda nenda San Trovaso, palepale Dorsoduro, utazame ng'ambo ya mfereji karakana wanayozitengeneza. Gondola moja ina aina nane za mbao na vipande karibu 280, na ubavu wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, ili iende moja kwa moja ingawa mpiga kasia ni mmoja na anapigia upande mmoja. Kasia lenyewe lilikuwa na msitu wake. Jamhuri ya Venezia ilitenga msitu wa Cansiglio, milimani, kwa ajili ya makasia ya meli zake, kama serikali yetu ilivyo na Sao Hill. Pita pia kanisa la Santo Stefano uinue macho: dari lake ni la mbao, limeundwa kama meli iliyopinduliwa.

Jumba la watawala na kanisa la San Marco, nunua tiketi mtandaoni mapema na uwe mlangoni linapofunguliwa. Kanisani mabega na magoti yafunikwe. Khanga ndani ya begi inamaliza hilo.

Chakula. Mkahawa wa Florian upo San Marco tangu 1720, na muziki ukipigwa unaongezewa kwenye bili. Tulikaa mara moja, tukafurahi, basi. Kila siku tulikula Rialto, kwenye vibanda vya vitafunwa, tumesimama, maana kusimama ni nafuu kuliko kukaa. Agiza samaki kwa polenta nyeupe. Ni unga wa mahindi, umesongwa laini, na mume wangu alimaliza sahani mbili bila kuuliza ni nini. Soko la samaki hapo hapo Rialto linafungwa Jumapili na Jumatatu, kwa hiyo pangia asubuhi nyingine.

Siku ya mwisho nenda Murano kwa boti. Mafundi wa vioo walihamishiwa kisiwa hicho mwaka 1291, kwa hofu ya moto. Wengi hununua vyombo vya maua na taa, vinavunjika njiani. Nunua shanga. Karne ya 19 shanga za kioo za Venezia zililetwa kwa wingi pwani yetu, misafara ikazipandisha bara, na zile nyekundu ziliitwa samesame. Uliza zilizotengenezwa Murano kweli, kwa sababu za kuagizwa kutoka nje zimejaa madukani. Zibebe kwenye begi la mkononi. Mama mkwe wangu alizipokea kiganjani, akazihesabu moja moja, kisha akaniambia bibi yake alikuwa nazo.