Jinsi ya kuendesha mdahalo wa lini binadamu anaanza kuwa na haki

Mada ndiyo inayouponza mdahalo huu. Ukiandika "Kutoa mimba ni dhambi?" umebeba maswali matatu kwa mpigo: kilichomo tumboni kina uhai? Kina haki ambayo wengine lazima waiheshimu? Na sheria ifanye nini? La kwanza halina ubishi mkubwa. Kiinitete, yaani mimba changa, ni kiumbe hai cha jamii ya binadamu, na hata wanaotetea utoaji mimba wengi wanakubali. Ugomvi uko kwenye la pili. Kwa hiyo andika: "Binadamu ana haki ya kuishi tangu mimba inapotungwa." Sheria itafutiwe kikao chake.

Kisha chora ubaoni mistari miwili ya wiki, mmoja juu ya mwingine. Kliniki huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, takriban wiki 2 kabla mimba haijatungwa. Wanaotegemea siku 120 za kupuliziwa roho, kama ilivyozoeleka katika fiqhi (elimu ya sheria za Kiislamu), huhesabu tangu kutungwa. Siku 120 ni wiki 17 na siku 1, ila kwa hesabu ya kliniki hiyo ni wiki 19 na ushei. Bila mistari hiyo watu watabishana nusu saa juu ya siku ileile.

Weka alama hizi: kutungwa; siku ya 14 hivi tangu kutungwa, ambapo kiinitete kwa kawaida hakigawanyiki tena kuwa mapacha; mapigo ya moyo kwenye ultrasaundi, karibu wiki ya 6 ya kliniki; wiki ya 22 hadi 24 ya kliniki, mtoto anapoanza kuwa na uwezekano wa kuishi nje ya tumbo akipata huduma ya hali ya juu; na kuzaliwa. Kila mzungumzaji achague alama moja na aseme kwa nini ibebe haki. Kusema "moyo unapiga" hakutoshi, maana hata wa kuku unapiga.

Mwenyekiti aandae swali la kubana kila alama. Wa kutungwa aulizwe: kiinitete kikigawanyika siku ya 8 kikawa mapacha, haki ya mwanzo ilikuwa ya nani? Wa kuishi nje ya tumbo ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu mstari wake unahama na vifaa: mtoto wa wiki 25 ana haki kwenye hospitali yenye mashine za kupumulia, halafu hana kwenye zahanati ya kijijini? Na akitokea anayedai haki huja na kujitambua, alama isiyo ubaoni, aeleze kichanga cha siku moja, ambacho bado hakijitambui.

Lazima mtu atasoma Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 26(2), kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Mtake asome na 26(4), inayoruhusu utoaji mimba pale mtaalamu wa afya aliyefunzwa anapoona tiba ya dharura inahitajika, au uhai au afya ya mama imo hatarini. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 204, humhesabu mtoto kuwa mtu anayeweza kuuawa akishatoka mzima kabisa mwilini mwa mama, awe amepumua au la. Na bado kanuni hiyohiyo inaadhibu utoaji mimba. Yaani sheria inaweza kuilinda mimba bila kuiita mtu. Wengi hulipita jambo hilo.

Hoja ya mwanafalsafa wa Marekani Judith Jarvis Thomson ya 1971 ihifadhiwe mzunguko wa mwisho. Yeye aliikubali haki ya kuishi kwa ajili ya hoja tu, kisha akauliza kama haki hiyo inampa mtu ruhusa ya kutumia mwili wa mwingine. Ikiingia mapema, inafuta mada.

Wazungumzaji 2 kila upande, dakika 6 kila mmoja, na 3 za maswali, zinatosha. Kabla ya kumjibu mpinzani, mzungumzaji airudie hoja ya mpinzani huyo mpaka mwenyewe akubali ndiyo hiyo. Picha za vijusi zisiingie ukumbini, wala asiombwe mtu ushuhuda: huwezi kujua nani amepoteza mimba mwezi uliopita. Piga kura ya siri ya karatasi kabla na baada, karatasi ziwe na namba, kila mtu atumie namba ileile mara zote mbili, uhesabu waliohama upande.