Leseni ya Maabara Marekani: Anza na Jimbo

Wenzangu wa maabara wanaotaka kwenda kufanya kazi Marekani huniuliza swali lilelile: mtihani ni upi? Nami huwajibu kwa swali: unakwenda jimbo gani?

Hakuna leseni moja ya nchi nzima. Sheria ya CLIA ya mwaka 1988 inaweka kiwango cha chini cha elimu kwa anayepima sampuli za wagonjwa, ila leseni ya mtu binafsi ni shauri la jimbo. California, Florida, New York na Tennessee wana leseni zao, na bila hiyo hugusi benchi. Texas haina, huko mwajiri ndiye anayedai cheti, mara nyingi cha ASCP, chama cha patholojia cha Marekani kinachotahini watu wa maabara.

California ndiyo inayowatoa watu jasho. Wanataka digrii, halafu wanaifungua na kuhesabu: krediti 16 za muhula za kemia, 18 za baiolojia na 3 za fizikia, tena fizikia ya mwanga na umeme. Utakuta mtu kazeeka kwenye hadubini, malaria anaisoma hata akiwa na usingizi, lakini transkripti yake, yaani orodha ya masomo na alama za chuo, haina fizikia. Kama ni wewe, usibishane nao. Lisome somo hilo kwanza, ada ulipe baadaye.

Vyeti vya nje hupitia kwa wakala wa tathmini anayekubaliwa na bodi husika, si yeyote uliyemwona mtandaoni. Omba ripoti inayochambua somo moja moja. Transkripti iombe chuoni leo, maana ofisi ya msajili haina haraka na maisha yako. Majina nayo: yakiwa matatu kwenye pasipoti na mawili kwenye cheti, yanyooshe mapema.

Barua ya uzoefu iandikwe na msimamizi, itaje vitengo ulivyofanyia kazi: hematolojia, kemia, benki ya damu, mikrobiolojia. "Ni mchapakazi na mwaminifu" haitakusaidia.

Mtihani wa ASCP una maswali 100 kwa saa mbili na nusu. Ukipatia, kompyuta inakuletea gumu zaidi, kwa hiyo yakikaza usitaharuki. Kufaulu ni alama 400, kwenye kipimo kinachofika 999. Benki ya damu ipe muda mwingi, hasa utambuzi wa kingamwili, kama ulikozoea ni kupima kundi la damu na kulinganisha damu ya mtoaji na ya mgonjwa tu.

Cheti cha ASCP hudumu miaka 3, na kukihuisha kunataka pointi 36 za mafunzo endelevu, basi kila semina hifadhi uthibitisho wake siku hiyohiyo.