Kulisha Ng'ombe Kandokando ya Mafunjo bila Kupoteza Kaboni

Vinamasi vya Ziwa Kyoga, nchini Uganda, huhifadhi kaboni kwa sababu maji huzuia oksijeni kupenya udongoni, hivyo mizizi na majani ya mafunjo yaliyokufa huoza polepole mno na kurundikana kuwa mboji. Kabla ya kuingiza mifugo, kanyaga ukingoni kwa kisigino. Alama ikijaa maji, warudishe ng'ombe nchi kavu, kwani kwato zitaivuruga mboji hiyo na kuponda machipukizi. Wanyweshe kwenye hori lililo nje ya kinamasi. Wakati wa kiangazi, lisha kwa zamu, sehemu moja baada ya nyingine. Lililo baya zaidi, kwa maoni yangu, ni kuchimba mfereji wa kukausha kinamasi ili kupata malisho, maana mboji ikikauka huoza upesi, na kaboni iliyokusanyika kwa karne nyingi hurudi hewani.