Jinsi ya kununua gemu bila kuumia mfuko

Wasee, kabla ulie eti gemu zimepanda, piga hesabu kwanza. Miaka ya 90 kaseti ya gemu ya Super Nintendo (konsoli, yaani mashine ya kuchezea gemu) ilikuwa inaweza fika dola 70 Marekani, juu chipu zenyewe zilikuwa ghali kutengeneza, halafu sidii za PlayStation zikakuja na bei ikashuka. 2005 hivi zikawa dola 60, zikakaa hapo miaka 15, mpaka 2020 PlayStation 5 ikaleta 70, na 2025 Nintendo wakauza Mario Kart World dola 80. Ukiangalia vile pesa imepoteza nguvu, ile 60 ya 2005 ilikuwa nzito kuliko 80 ya leo.

Lakini sisi Nairobi tunaumizwa na shilingi. Mwanzo wa 2024 dola ilipita 160, so gemu ya 70 ilikuwa zaidi ya elfu kumi na moja, saa hii kwa 130 ni kama elfu tisa. So usinunue siku ya kwanza, ngoja miezi kadhaa, bei ya gemu nyingi hushuka sana.

Kama konsoli yako inaingiza diski, shuka Luthuli ama Moi Avenue utafute ya mkono wa pili, igeuze kwa mwanga uangalie mikwaruzo, na usilipe kabla ifunguke kwa mashine ya duka mbele yako. Ukimaliza uuze ama mbadilishane na mtu, hiyo ya kudaunilodi huwezi uzia mtu. Na patana bei bana, ya kwanza kutajwa si ya mwisho.