Ndugu yako ana kesi Japani? Anza kushughulikia nguo za mahakamani mapema

Hii ni kwa wale wenye mtu kashikwa Japani, mume, dada, mshkaji wa kazini, na tayari mmeshaambiwa tarehe ya kesi. Wengi wanahangaika na wakili na dhamana, sawa kabisa, ila nguo wanakuja kuzikumbuka asubuhi ya kesi na hapo ushachelewa, maana mahabusu huwezi kumkabidhi suti mlangoni mwa mahakama.

Kwanza elewa hali ilivyo. Kwenye kesi ya kawaida ya jinai, mtu aliyeko rumande anaingizwa na askari, pingu mikononi, kiunoni kafungwa kamba na askari kaishika kwa nyuma (Wajapani wanaiita koshinawa), juu kavaa traksuti au sweta limepauka, chini kandambili za plastiki. Tai hamna, mkanda hamna, viatu vya kamba hamna, wanasema asije akajinyonga au akatimua mbio. Pingu na kamba zimekuwa zikitolewa mle mle ndani ya ukumbi, jaji akishatoa ishara. Kwa hiyo kila aliyekaa viti vya nyuma, mama mtu, bosi wake, ameshamuona hivyo. Na cha ajabu sheria yao ya mwenendo wa jinai kifungu cha 287 inasema mshtakiwa asifungwe mwili kwenye kesi ya wazi, labda awe anafanya fujo au anajaribu kutoroka, lakini wenyewe wanahesabu kesi inaanza pingu zikishatoka. Haya bwana.

Mambo yalibadilika kidogo 2009 walipoanza kuingiza raia wa kawaida kwenye kesi, wanaitwa saiban-in, raia 6 wanakaa na majaji 3. Ni kwa makosa mazito tu, mauaji, ujambazi wa kujeruhi, na kuingiza madawa ya kulevya kibiashara nako kumo, ndiyo maana waliokamatwa uwanja wa ndege wa Narita kesi zao unazisikia mahakama ya Chiba, mkoa uliko uwanja huo. Mawakili wakapiga kelele kwamba raia akimuona mtu na kandambili na pingu moyoni keshamhukumu. Wizara ya sheria ikalegeza: kwenye kesi hizo mshtakiwa anaruhusiwa suti, tai ya kubana ambayo haina kitanzi, sendo ambazo kwa mbele zinaonekana kama viatu vya ngozi, anakaa pembeni ya wakili wake, na pingu zinatoka kabla wale raia hawajaingia. Sasa najiuliza, jaji aliyesomea kazi hiyo yeye macho hayamdanganyi? Kwenye nchi ambayo zaidi ya asilimia 99 ya wanaofikishwa kwenye kesi wanakutwa na hatia, mimi nisingeacha hata kitu kidogo hivyo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakili ni hili, kesi ina saiban-in au haina? Kama inao, mwambie akuthibitishie habari ya suti, tai na sendo, nani anatoa nini, maana tai na sendo mara nyingi vinatoka kwenye gereza lenyewe la mahabusu na suti inatoka kwenu. Kama huna suti muulize wakili kama kuna ya kuazima, usione aibu. Kama haina saiban-in usikate tamaa, shati la kola na suruali ya kitambaa isiyohitaji mkanda vinatosha kumtoa kwenye ile traksuti.

Kupeleka vitu ndani wanaita sashiire, jifunze hilo neno maana utalitumia sana. Unaenda siku za kazi, unajaza fomu, wanakagua. Vinavyorudishwa ni vitu vyenye kamba, hudi, suruali ya kufunga kamba kiunoni, mkanda, skafu. Jamaa yetu mmoja alinunua hudi nzuri ya bei, baridi imeanza, akarudi nayo nyumbani. Kila kituo kina masharti yake, piga simu kwanza au mtume anayejua Kijapani. Na hata akiwa amezuiliwa kuonana na watu kwa amri ya mahakama (hiyo ni sekkin kinshi, hapana, sekken kinshi, mimi mwenyewe naichanganya kila siku) nguo na hela kwa kawaida zinapita, barua na nyuso zenu ndiyo hazipiti. Wakili yeye anaingia tu na anaongea naye bila askari kusikiliza.

Kingine cha kumwambia wakili ni pingu. Anaweza kuomba kwa maandishi kwamba zitolewe kabla mteja hajaingia ukumbini, au kiwekwe kizuizi watu wasione. Jaji anaweza kukataa, wengi wamekuwa wakikataa, ila msingi upo: Mei 2019 mahakama ya wilaya ya Osaka ilikubali kwamba mtu kutotaka kuonekana na pingu na kamba mahakamani ni kitu cha kulindwa kisheria, japo waliofungua kesi fidia hawakupewa. Aombe hivyo hivyo, iandikwe kwenye kumbukumbu.

Mkalimani jamani msilegeze. Mahakama inatumia Kijapani tu, mkalimani anatafutwa na mahakama, na wa Kiswahili ni wachache, ndiyo maana watu wanakubali Kiingereza ili mambo yaende. Kama Kiingereza chake ni cha kuombea maji mwambie wakili mapema atake wa Kiswahili, kesi inayoweza kumfunga mtu miaka 5 huisikilizi kwa kubahatisha.

Siku yenyewe utaona majaji wamevaa majoho meusi, karani naye joho jeusi, lakini mwendesha mashtaka na wakili ni suti tu, wakili utamjua kwa beji ya ua la alizeti lenye mizani katikati. Wakiingia majaji wote mnasimama na kuinama kidogo. Jaji atamuuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, anapoishi, kazi, kisha atamwambia ana haki ya kukaa kimya, na hapo asijibu kwa haraka haraka, afuate walichopanga na wakili. Mikono isiwe mfukoni, asikunje nne. Nyinyi wa nyuma vueni kofia, simu zimeni, picha marufuku, kuandika kwenye daftari ruksa, hilo lilipiganiwa mpaka Mahakama ya Juu ya Japani 1989.

Siku ya hukumu njoo na begi, koti na viatu vyake halisi. Akipewa kifungo cha nje (kinawezekana hukumu isipozidi miaka 3) anaachiwa siku hiyo hiyo, na Januari pale Tokyo kandambili hazifai. Ila kama viza imeisha, maofisa wa uhamiaji wanaweza kuwa wanamsubiri hapo hapo mlangoni, kwa hiyo begi mpe wakili mkononi kabla hukumu haijasomwa, usikae nalo wewe kule nyuma.