Kujizoeza Kulenga kwa Kujihami Nyumbani kwa Bastola ya Gololi za Plastiki

Anayemiliki bastola kwa kibali, awe mnunuzi wa korosho huko Masasi au mwenye duka la jumla Lindi mjini, mara nyingi huishia kuifungia kabatini na kuikumbuka siku ya kuhuisha kibali. Risasi ni ghali, kiwanja cha kulengea shabaha hakiko jirani, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayefyatua risasi za kweli uani kwake Shangani au Chuno, mjini Mtwara, kwa kisingizio cha mazoezi. Pengo hilo linaweza kuzibwa kwa kiasi kikubwa na bastola ya gololi, yaani bastola bandia inayorusha gololi za plastiki zenye kipenyo cha milimita 6 kwa nguvu ya springi, betri au gesi. Bastola za namna hii zilianzia Japani katika miaka ya 1970, na leo umbo na uzito wake vinaigwa kutoka kwa bastola halisi kiasi kwamba inakaa vizuri katika mfuko uleule unaovaa kiunoni.

Mfanano huo ndio unaoifaa kwa mazoezi, na ndio huohuo unaoweza kukuletea balaa. Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi yako, nenda kituo cha polisi cha wilaya, eleza unachotaka kununua, na uombe jibu la maandishi, maana silaha nchini Tanzania zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kauli ya muuzaji kwamba "hii ni toi tu" haitakusaidia bidhaa ikishikiliwa forodhani. Ukishaipata, mweleze mwenyekiti wa mtaa na majirani wa ukuta kwa ukuta. Marekani husharti bastola bandia ziingizwe nchini zikiwa na ncha ya rangi ya chungwa, na hata kama yako haina, zungushia mtutu utepe wa rangi kali na usiubandue. Isitoke nje ya mlango wako, isipandishwe bodaboda, wala isioneshwe kwa rafiki kibarazani. Askari aliye hatua kumi mbali nawe usiku hana namna ya kujua kwamba ndani mna plastiki.

Kuhusu aina, usipoteze fedha kwa ile ya springi ikiwa lengo lako ni kujihami, kwa sababu hulazimika kuikoki kila baada ya gololi moja, na mkono hujifunza tabia ambayo haimo katika bastola ya kweli. Inayofaa ni ya gesi, ambayo sehemu yake ya juu hurudi nyuma kila ifyatuliwapo. Gesi inayouzwa kwa ajili hiyo huwa ni propeni iliyochanganywa na mafuta kidogo ya silikoni. Nyingine hutumia vichupa vya kaboni dioksidi vya gramu 12. Hapa kwetu joto linataka hadhari, kwani shinikizo la propeni kwenye nyuzi 30 huzidi lile la nyuzi 20 kwa zaidi ya robo, na kaboni dioksidi ikivuka nyuzi 31, jambo la kawaida chini ya bati mchana wa kaskazi, haibaki tena kimiminika na shinikizo lake hupanda upesi. Vichupa vikae sehemu yenye kivuli na hewa, kamwe visiachwe ndani ya gari. Propeni nayo huwaka: chomoa magazini, yaani kibebeo cha gololi na gesi kinachoingia kwenye kitako, uijaze peke yake uani, mbali na jiko la mkaa, wala usimwombe fundi wa friji akujazie kitu kingine cha kubahatisha.

Chumba cha mazoezi kiwe na mlango unaofungika na ukuta mtupu wa tofali upande wa shabaha. Mita 5 zinatosha, na kwa kweli ndio umbali unaopatikana kati ya mlango wa sebule na korido katika nyumba nyingi zetu. Chukua boksi kubwa la kadibodi, lile la televisheni linafaa sana, ning'iniza ndani yake blanketi kuukuu au khanga mbili zilizokunjwa na kuachwa zilegee, kisha bandika karatasi ya shabaha kwa mbele. Kitambaa kilicholegea humeza gololi; kilichokazwa huirudisha. Somo hilo nililipata kwa maumivu wiki ya kwanza, nilipoweka karatasi juu ya mlango wa kabati la mninga, gololi ikaruka ikanichanja juu ya nyusi, na mama watoto akaniuliza kwa upole kama jambazi ameshapatikana. Gololi ya gramu 0.20 inayokwenda mita 100 kwa sekunde ina nishati ya jouli 1, ambayo si kitu ukilinganisha na jouli 500 hivi za risasi ya milimita 9, lakini inatosha kabisa kupofua jicho. Kila aliyemo chumbani avae miwani ya kinga inayofunika hadi pembeni, yenye alama ya kiwango cha kinga ya macho, EN 166 ya Ulaya au Z87 ya Marekani. Miwani ya jua ya sokoni haihesabiki.

Sasa jambo ambalo silegezi hata kidogo: bastola halisi na risasi zake ziwe zimefungiwa katika chumba kingine kabla ya ile bandia kutoka sandukuni. Usizitumie zote mbili siku moja. Fungua magazini ya bandia, itazame, ipapase kwa kidole, uhakikishe kilichomo ni gololi, na useme kwa sauti, "Naanza mazoezi." Ukimaliza sema, "Nimemaliza," na usirudie "moja tu ya mwisho," kwa kuwa akili iliyochoka huweza kukirudia kitendo cha mazoezi huku mkono ukiwa umeshika kitu kingine.

Dakika kumi mara tatu kwa wiki hufaa kuliko saa nzima ya Jumapili. Anza bila gololi: shika kitako juu kabisa kadiri mkono unavyoruhusu, weka nundu ya kulengea iliyo mbele juu ya mtutu katikati ya pengo la nyuma, bonyeza triga polepole hadi ilie, na uangalie kama nundu imecheza. Ikicheza, kidole chako kinavuta ubavuni. Baada ya hapo ongeza gololi tano, kisha utoaji kutoka mfuko wa kiunoni: mkono wa kushoto kifuani, wa kulia unashika kitako, mtutu unatoka na kuelekea mbele, mikono inakutana, na kidole kinabaki nje ya triga mpaka macho yameamua. Fanya taratibu. Kasi itakuja yenyewe baada ya wiki kadhaa.

Kuamua ndiko kunakohitaji mazoezi mengi zaidi, na ndiko watu wanakokuruka. Chora au bandika picha za watu kwenye karatasi kumi: mmoja ana panga, mwingine simu, mwingine tochi, mwingine kambeba mtoto. Mtu wa nyumbani, naye akiwa na miwani, azipange bila wewe kuona na asimame nyuma yako kabla hujageuka. Zima taa, jambo ambalo hata katika mji uliojirani na gesi ya Mnazi Bay hutokea bila kupangwa, shika tochi kwa mkono wa kushoto, na kabla ya chochote uliza, "Nani wewe?" Kwetu mtu hupiga hodi, na anayepiga hodi saa nane za usiku mara nyingi ni jirani mwenye mgonjwa. Mazoezi yasiyokuwa na sauti yako yanakufundisha kufyatua gizani tu. Katika karatasi zangu kumi, nane hazistahili kupigwa, na kila ninapokosea dakika zinazobaki huwa ni za kuuliza na kurudi nyuma mlangoni, bila gololi. Kanuni ya Adhabu inaitambua haki ya kujilinda, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo, na mtu mwenye simu mkononi si hatari.

Yapo mambo ambayo chombo hiki hakifundishi. Hakirushi mkono kama bastola halisi, hakina kishindo, na triga yake huwa nyepesi, hivyo mshiko hulegea bila mtu kujua. Ndiyo maana bado unahitaji kufika kiwanja halali cha shabaha angalau mara chache kwa mwaka, na huko uanze na risasi moja moja kwa utulivu.

Baada ya kila zoezi fagia gololi zote, kwani juu ya sakafu ya sementi huteleza vibaya na mtoto mchanga huzitia mdomoni. Hewa ya chumvi hula vyuma, basi pitisha tone la mafuta ya silikoni kwenye sehemu inayorudi nyuma na mipira ya magazini, ukiacha gesi kidogo ndani ili mipira isikauke. Ifungie kwenye sanduku lake lenye maandishi makubwa "BANDIA," na ufunguo wake usikae katika pete moja na ule wa kasha la bastola ya kweli.